Barabara Isiyotimua Vumbi

Kabla ya mafuta, barabara ya machimbo ya mawe nje kidogo ya Bisil ilikuwa na vumbi la kutosha kuzika soko zima la mifugo na likabaki la kupaka wateja. Watu wa huko watakwambia, bila kucheka, kwamba jogoo mmoja aliingia katika vumbi la lori akiwa kijana, akatokea Namanga akiwa mzee. Kwa hiyo Inspekta Makokha aliposhuka garini Jumamosi hiyo asubuhi, alijiziba pua kwa kofia kama afanyavyo kila anayeijua njia ile. Kisha akaishusha kofia. Hakuna kilichopanda. Viatu vyake vilibaki vyeusi.

"Wameweka lami?" aliuliza Konstebo Munyiva, akizunguka kutoka upande wa usukani.

Makokha alichuchumaa, akagusa barabara kwa kidole, akanusa. "Lami hainuki chipsi."

Hapo ndipo Sahal Samatar alipokanyagwa na lori la mawe juzi mchana. Alikuwa mchungaji wa mbuzi, kiziwi tangu utotoni, mwenye mke na mtoto mmoja wa kike. Alizikwa kabla jua la siku hiyo halijatua, kama dini yake inavyotaka. Dereva, mtu anayeitwa Muema, alikuwa selo Kajiado akingoja kupelekwa kortini Jumatatu. Kiongozi wa mashtaka alitaka shtaka la kuua kwa kukusudia, na hakuwa amelitoa hewani: mwezi uliopita Sahal alivunja kioo cha lori hilo kwa jiwe, na Muema akaapa mbele ya soko zima kwamba siku moja atamkanyaga. Kazi ya Makokha ilikuwa kusema kama Muema aliapa na akatimiza, au aliapa tu.

Alianza na breki.

"Shika mwisho wa tepu."

Munyiva alishika. Barabara, ikitoka machimbo, ilizama kwenye korongo lenye kina cha kumeza lori na shehena yake, kisha ikachomoza ghafla hatua chache kutoka kibanda cha maziwa. Alama za matairi zilianza palepale inapochomoza. Zilikuja zimenyooka, nyeusi, hadi mahali ambapo mtu alikuwa amefunika damu kwa mchanga.

"Alikanyaga breki mara tu alipoona," alisema Makokha.

"Au alipojuta."

"Majuto huwa yanachelewa, Munyiva. Breki hii haikuchelewa."

Alikunja tepu, akarudi ukingoni mwa barabara na kuinama. Udongo ulioshikwa na mafuta ulikuwa umehifadhi kila kitu kama unga uliokandwa. Kulikuwa na nyayo za akala za tairi, ya kushoto imekatika kisigino, na akala hiyohiyo ya kushoto ilikuwa ndani ya mfuko wa vielelezo kule Kajiado. Nyayo mbili zilisimama pamoja, sambamba, vidole vikielekea kwenye korongo. Kando yake palikuwa na tundu la ncha ya fimbo. Baada ya hapo nyayo ziliingia barabarani, mahali penye kwato nyingi za mbuzi zilizokanyagana.

"Alisimama," alisema Makokha. "Akaweka fimbo chini. Akatazama kule lori lilikotoka. Halafu ndiyo akaingia."

"Alitaka kufa?"

"Andika nilichosema. Usiandike ulichosikia."

Mbuzi watatu walitokea nyuma ya kibanda, wakaja katikati ya barabara bila kumjali inspekta, wakaanza kuilamba kwa bidii ya watoto waliopewa sufuria ya uji. Munyiva aliwatazama, macho yake yakawaka.

"Afande, hii ni chambo! Mtu amemwaga mafuta matamu ili mbuzi wakusanyike, wapakiwe kwa lori, waende. Sahal akawafumania. Muema akamkanyaga."

"Na mawe aliyokuwa amebeba angeyaweka wapi? Juu ya mbuzi?"

Hata hivyo Makokha hakulitupa wazo lile. Mafuta yalikuwa yamemwagwa na mtu, na mtu huyo alikuwa na sababu.

Mzee mwenye ndevu zilizopakwa hina alikuwa anakuja polepole kutoka nyumba ya mabati nyuma ya kibanda. Alikuwa Samatar, babake marehemu, mfanyabiashara wa ng'ombe ambaye sauti yake sokoni iliwahi kusikika hadi mpakani. Leo ilibidi kumsogelea.

"Salaam aleikum, mzee. Pole sana."

"Aleikum salaam. Tunashukuru Mungu." Alitazama tepu mkononi mwa Makokha. "Unapima nini, afande? Mtu alisema ataua, akaua. Hiyo inapimwa?"

"Inapimwa, mzee. Nitakuuliza vibaya, unisamehe. Kiziwi alikuwa anachungaje kando ya barabara ya malori, miaka yote hiyo, bila hata kukwaruzwa?"

Samatar alitikisa kichwa, kama mtu aliyeulizwa samaki anaogeleaje.

"Wewe unasikia, sivyo? Mimi pia nasikia. Lakini lori likitoka machimbo, ni Sahal alikuwa anatuambia. Tumekaa hapa, tunakunywa chai, hakuna sauti yoyote. Yeye anainua fimbo. Lori! Tunamcheka. Chai haijaisha, lori hilo. Walahi, kijana wangu alikuwa anaona ng'ambo ya kilima."

"Hakuna macho yanayoona ng'ambo ya kilima."

"Yake yalikuwa yanaona."

Mlangoni mwa nyumba alisimama mwanamke aliyevaa mavazi meupe ya eda. Alikuwa Safiyo, mjane. Begani kwake mtoto alikuwa amelala, mdomo wazi.

"Huyo ndiye mtoto wake?"

"Najah. Hajui kitu. Analala tu." Samatar alipangusa jicho kwa ukingo wa kikoi. "Zamani alikuwa halali. Kifua. Usiku kucha anakohoa, babake anamtembeza hapa nje. Sasa babake hayuko, ndiyo analala."

"Mafuta haya yalimwagwa na nani?"

"Msichana wa Kitengela. Alikuja na tangi wiki hii, jioni ya kuamkia msiba. Anasema ni soya."

Mlangoni, yule mwanamke aliyevaa nyeupe aligeuka akaingia ndani.

*

Godauni la Sheryl Achola lilikuwa Kitengela, nyuma ya maduka ya simiti. Mwenyewe alikuwa ndani ya ovaroli iliyoota madoa, akikoroga pipa kwa mwiko ambao ungefaa kupikia ugali wa harusi tatu. Alikuwa mwembamba, mwepesi wa kusema, na alidhani wageni wamekuja kununua.

"Hapa kila kitu ni soya," alianza. "Ile ni wino wa kuchapisha. Ile ni gundi ya plaiwudi. Hii sponji, bonyeza, afande, usiogope. Godoro lako la nyumbani limetoka kwa petroli, ulijua? Hii imetoka shambani. Petroli ukiichimba imekwisha. Soya mvua ikinyesha unapanda tena."

"Kwetu Bungoma soya tunakunywa asubuhi," alisema Makokha.

"Mnakunywa godoro basi!"

Munyiva alicheka. Makokha aliweka kitambulisho cha kazi juu ya pipa, na kicheko kikaisha.

"Barabara ya machimbo, Bisil. Ulimwaga nini?"

"Mashapo. Ukisafisha mafuta ya soya, kuna uchafu unabaki chini, mzito, wenye viwanda wanatupa. Mimi nauchukua, naupika, namwaga barabarani. Unakauka, unashika udongo kama gundi. Vumbi kwisha. Watu wengine wanamwaga oili chafu ya magari, halafu mvua inaipeleka kwa maji ya ng'ombe. Yangu hata ukilamba haikuui."

"Mbuzi wanailamba."

Sheryl aliguna. "Najua mbuzi. Nilichanganya mwarobaini, ndio iwe chungu."

"Kwa mbuzi wa Kajiado? Hao walikula kiti cha chifu, na chifu alikuwa amekalia."

Sheryl hakucheka. Alikuwa ameanza kuhesabu maswali. "Afande, kwani kumetokea nini?"

Makokha alimwambia. Mwiko ulisimama ndani ya pipa, ukainama wenyewe polepole mpaka ukaegemea ukingo.

"Yule anayeinua fimbo? Alinisaidia kushika mpira wa tangi." Alikaa juu ya gunia. "Mafuta yangu yameteleza? Lori limeteleza?"

"Halikuteleza. Breki zilishika vizuri kuliko kwenye changarawe. Nani alikutuma kumwaga? Wenye machimbo?"

"Hao? Hao hawajali. Nilitoa bure, majaribio. Ni mama wa maziwa aliniomba. Nilikuwa natoka Namanga, nikasimama ninunue. Akanimiminia kikombe, lori likapita, maziwa yakawa rangi ya chai. Akaleta mtoto akanionyesha anavyokohoa, mpaka midomo inabadilika rangi. Akaniuliza, wewe unafanya kazi gani? Nikamwambia nafunga vumbi." Sheryl aliangalia viganja vyake. "Alinishika mkono huu, akakataa kuuachilia."

"Ulimwaga kutoka wapi hadi wapi?"

"Kutoka kibanda chake, chini kwa korongo, mpaka kilima cha ng'ambo. Upande wa Bisil sikugusa, tangi liliisha." Akasita. "Afande, nimeua mtu?"

"Sijui bado," alisema Makokha, na kwa mtu wa kazi yake hilo lilikuwa jibu la huruma.

*

Kule Kajiado, Muema aliletwa kutoka selo bila viatu. Alikuwa mtu mnene aliyekonda kwa siku mbili. Alikaa, akaweka mikono mezani ionekane.

"Ulisema utamkanyaga," alianza Makokha.

"Nilisema. Soko lote lilisikia, siwezi kukataa. Alinivunjia kioo, na kioo nililipishwa mimi. Nilikuwa na hasira."

"Kwa nini alikurushia jiwe?"

"Vumbi. Nilipita kasi mbele ya kibanda, mtoto wake alikuwa nje. Ningekuwa mimi pia ningerusha. Lakini hiyo ilikwisha, afande. Baada ya hapo tulikuwa tunasalimiana."

"Kiziwi unamsalimiaje?"

"Fimbo. Ukifika kwa korongo, kabla hata hujatokea, yeye ameshaondoa mbuzi, amesimama kando, ameinua fimbo juu. Maana yake pita. Madereva wote wanajua. Tukiona fimbo, tunapiga mwendo. Hata honi hatupigi, ya nini? Alikuwa anatujua tukiwa bado mbali."

"Juzi uliona fimbo?"

"Nilitoka korongoni, sikuona fimbo. Niliona mgongo. Amewainamia mbuzi. Breki, honi, breki, honi." Mikono ya Muema ilishika usukani ambao haukuwepo. "Nilipiga honi, afande. Kiziwi! Mtu ninayemjua ni kiziwi, na mimi napiga honi."

"Ulikuwa unakuja kwa mwendo gani?"

Muema aliirudisha mikono mezani. "Mbaya. Barabara ilikuwa tamu. Dirisha wazi, hakuna vumbi, unaona mpaka mwisho. Nilikuwa naimba."

Makokha alifunga kalamu. Munyiva alimtazama, akangoja swali lingine, lakini inspekta alikuwa ameinuka.

"Chukua pamba kwa sanduku la huduma ya kwanza," alimwambia. "Tunarudi Bisil."

*

Walifika jua likiwa bado la mchana. Makokha alijaza pamba masikioni, akafunga kichwa chote kwa taulo mpaka akafanana na mtu aliyetoka kung'olewa meno yote. Munyiva alizuia kicheko.

"Nenda ng'ambo ya korongo," alisema Makokha kwa sauti kubwa ya asiyejisikia. "Kaa huko mpaka nikusahau. Halafu uje kama Muema. Ukitokea, piga honi."

Land Cruiser ilizama korongoni, ikapotea. Makokha alienda ukingoni, akasimama ndani ya nyayo za akala, vidole vikielekea kwenye korongo. Mbuzi walikuwa wamerudi kulamba. Samatar alikuja akasimama kando ya kibanda, haelewi. Makokha alimpungia mkono asogee nyuma.

Alitazama upande wa Bisil kwanza, ambako tangi lilikuwa limeisha. Juu ya miti ya migunga, mbali sana, kamba ya vumbi jekundu ilikuwa inapanda angani na kulala kwa upepo. Gari lenyewe halikuonekana. Halikuhitaji kuonekana. Mtoto mdogo angejua kwamba linakuja, na kwamba mbuzi wana muda wa kumaliza kulamba na kuondoka kwa heshima zao.

Kisha aligeuza uso kwenye korongo. Aliitazama anga iliyo juu yake, mahali ambapo vumbi lingekuwa. Ilikuwa ya buluu, tupu, imefuliwa. Akahesabu pumzi zake, akatazama tena. Tupu. Basi akaingia barabarani, akainama, akaanza kuwasukuma mbuzi.

Alichohisi kwanza ni mtetemo kwenye nyayo. Alipogeuka, bampa la Land Cruiser lilikuwa karibu kiasi cha yeye kusoma namba. Mbuzi walitawanyika. Taulo lilimfunguka likaanguka chini, na nyuma ya kioo mdomo wa Munyiva ulikuwa wazi, mkono umegandamana na honi.

Alitoa pamba. Honi ilikuwa bado inalia.

"Afande! Nilikuwa napiga tangu nitokee! Ungeniachia kesi gani mimi?"

"Hii hii," alisema Makokha. Alirudi ukingoni akaokota taulo. "Nilitazama, Munyiva. Nilitazama vizuri kabisa. Yeye hakuwa anatafuta lori. Lori ndani ya korongo halionekani na mtu yeyote. Alikuwa anatafuta vumbi. Maisha yake yote, pasipo na vumbi hapakuwa na lori."

Munyiva alizima gari. Mbuzi walisikika wakitafuna kando.

"Na Muema alikuwa anategemea fimbo," alisema polepole.

"Muema alikuwa anategemea fimbo, fimbo ilikuwa inategemea vumbi. Atajibu kuhusu mwendo, na anastahili. Kuua kwa kukusudia, hapana."

Samatar alikuwa amesikia. Alikuja mpaka barabarani, akasimama penye mchanga uliofunika damu bila kuukanyaga.

"Kwa hiyo ndiyo alikuwa anaona ng'ambo ya kilima."

"Ndiyo, mzee. Ulisema kweli. Mimi ndiye nilikosea."

"Nimemlaani yule dereva katika kila swala." Mzee alikuna ndevu zake za hina kama zinazomuwasha. "Sasa niambie huyo mwingine. Nani aliomba vumbi liondolewe?"

Makokha alivua kofia, akaizungusha mikononi, akaivaa tena. Hakutazama mlangoni.

"Yalikuwa majaribio, mzee. Ya kampuni."

"Majaribio yanakuja yenyewe?"

"Mwambie, afande." Sauti ilitoka ndani ya nyumba. Safiyo alijitokeza kizingitini, hana mtoto begani. "Kama huwezi, nitasema. Ni mimi, aabo, baba yangu. Mimi nilimshika yule msichana mkono. Nilimwambia, kama wewe ni mzazi, au utakuwa mzazi, niondolee hili vumbi." Alimgeukia Makokha. "Nilijua tangu juzi. Nilimwona akitazama juu. Nilikuwa hapa hapa, naosha vikombe. Alitazama juu, akatabasamu, akaingia."

Safiyo aliingia ndani, akatoka na jembe. Mwanamke wa eda hatoki nje bila dharura, na Samatar aliinua mkono kumkumbusha, lakini alikuwa ameshampita. Alifika katikati ya barabara na mavazi yake meupe, akainua jembe, akalishusha.

Udongo ule haukutaka kuvunjika. Msichana wa Kitengela alikuwa fundi. Jembe liliruka, likarudi, likamegua kipande chenye ukubwa wa chapati. Akakipiga mpaka kikawa unga. Wingu dogo jekundu likapanda hadi magotini mwake, likatua juu ya nguo nyeupe. Akainua tena. Munyiva alipiga hatua kwenda kumshika, Makokha akamzuia kwa kiwiko.

Samatar ndiye aliyekwenda. Alishika mpini jembe likiwa juu, na wote wawili wakabaki wameushika.

"Mtoto anafanya nini?" aliuliza.

"Amelala."

"Anakohoa?"

Safiyo alitikisa kichwa.

"Basi acha," alisema mzee. "Acha barabara. Mtoto analala."

Alimtoa jembe mkononi, akalitupa ukingoni karibu na zile nyayo mbili. Munyiva alienda akamshika Safiyo mkono, safari hii Makokha hakumzuia, wakaanza kurudi naye kuelekea nyumbani.

Ghafla ardhi ilitetemeka chini ya viatu vyao. Wote wanne, pamoja na inspekta aliyejua kwamba hakutakuwa na vumbi, waliinua macho juu ya korongo. Anga ilikuwa safi kabisa, na lori likachomoza.